Siti Binti Saad Baina ya Mafundi na Mashoga

Wasifu wa Siti Binti Saad, kazi ya Shaaban Robert, ulitolewa kwanza mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1967 ukatoka kuwa kitabu. Sifa zake zimekwisha kutajwa mara nyingi: lugha safi, mawaidha mema, na heshima aliyopewa mwanamke maskini katika fasihi iliyozoea kusifu wakubwa. Walakini jambo moja lastahili kupimwa zaidi, nalo ni mahali pa Siti baina ya wenzi wake wanaume na wenzi wake wanawake.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akawa akichuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Mjini uimbaji ulikuwa na malango mawili. Taarabu ilikuwa mikononi mwa wanaume. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ilikuwa jumuiya yao. Wanawake walikuwa na lelemama na ngoma za arusi na unyago. Siti aliingia kwa lango la kwanza. Ali Muhsin alimfunza. Kisha akashirikiana na Subeti Ambari, Mbaruku Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban, na mwaka 1928 akaenda Bombay na kundi lake kutia nyimbo katika sahani za santuri.

Lugha yenyewe iliufanya uamuzi huo kuwa mzito. Kiswahili cha pwani cha zama zile kilikuwa na neno shoga, ambalo mwanamke alimwitia mwanamke mwenziwe. Urafiki wa mwanamke na mwanamume asiye mumewe wala ndugu yake haukuwa na neno lenye staha kama hiyo. Rafiki lingeweza kutamkwa, lakini sikio la jirani lingesikia hawara. Basi mwanamke aliyekesha na wanaume kwa ajili ya kazi alifanya jambo lisilokuwa na jina la kulisitiri. Kejeli za mahasidi wake hazikuweza kuikana sauti. Ziligusa asili na sura, yaani mambo ya kumrudisha mwanamke nyuma.

Shaaban Robert aliikabili shida hii kwa kumwinua Siti. Siti wake ni mfano wa bidii, adabu na akili, hata swali la nani alikuwa mwenzi wake linazama katika sifa. Wanaume wa kundi wana majina na ala zao. Upande wa mashoga haukuangazwa kwa kadiri ile ile. Yumkini mwandishi alitaka kumkinga na masengenyo, lakini kinga hiyo imemtenga na wanawake wenziwe.

Nyimbo zinamrudisha kwao. Wimbo mashuhuri wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni aliyetoka usiku kwenda kwenye starehe, akauawa. Mtuhumiwa alitoroka, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Ala ni za wanaume, lakini uchungu ni wa shoga aliyefiwa na kudhulumiwa. Kwa njia ya kundi la wanaume, kilio cha wanawake kilifika kwenye mabaraza ambako lelemama haikualikwa.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba mvutano ulikwisha. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba taarabu na pia akapiga msondo wa unyago. Yeye aliyashika malango yote mawili waziwazi. Wasifu haumwonyeshi Siti akipata nafasi kama hiyo, wala haumwulizi msomaji kama aliitamani.

Kwa hiyo kitabu hiki, chenye thamani kubwa, kisisomwe peke yake. Msomaji akiweka nyimbo kando yake, atamwona Siti aliyefanya kazi na kundi moja na kuwasemea watu wa kundi jingine, huku kila upande ukiweza kumdai.