Erica Kane: Tendo la Mhusika Katika Mchezo Usio na Tamati

Ngano ya mapokeo ina mwanzo unaojulikana na tamati inayotarajiwa. Fanani aifungapo hadithi, hadhira hutawanyika, na matendo ya mhusika hubaki kama yalivyotambwa. Mchezo wa mfululizo wa televisheni hauna kawaida hiyo. Utanzu huu ulizaliwa katika redio ya Marekani, ukapewa jina la sabuni kwa kuwa watengenezaji wa sabuni walikuwa miongoni mwa waliougharimia. Hutungwa mfululizo, hubadilishiwa waandishi, na tamati yake huahirishwa daima. Basi swali linalomkabili mhakiki ni hili: katika utanzu wa namna hii, je, tendo la mhusika laweza kuwa lake kwa hakika?

Erica Kane wa All My Children ni kielelezo kifaacho. Mchezo huo, uliobuniwa na Agnes Nixon, ulioneshwa mchana na shirika la ABC tangu Januari 1970 hadi Septemba 2011, katika vipindi zaidi ya 10,000. Na aliyemwigiza Erica muda wote huo ni Susan Lucci. Mandhari yake ni Pine Valley, mji wa kubuni katika Pennsylvania. Erica ni binti wa Mona, mke aliyeachwa. Baba yake, Eric, aliwatupa. Majina haya hayakutolewa ovyo. Binti amebeba jina la baba mara mbili, wala haliachi lile la Kane ijapokuwa ameolewa mara nyingi, na baadhi ya waume, kama Adam Chandler na Dimitri Marick, mara mbili. Amtafutaye baba katika kila mume hatosheki na mume yeyote. Kwa hiyo rai ya kwamba Erica ni mhusika bapa, mwanamke mwovu wa kawaida, haitoshi.

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitambua haki ya kutoa mimba. Mwaka huo huo Erica, akiwa mke wa Jeff Martin, alitoa mimba kwa siri ili asipoteze kazi ya uanamitindo. Michezo ya mchana ilikuwa haijathubutu kusawiri jambo hilo likitendeka kwa mujibu wa sheria. Nixon hakumtakasa mhusika wake wala hakumpumbaza. Alimwachia uamuzi pamoja na lawama zake.

Baadaye wakati uliopita ulirudiwa mara mbili. Mwaka 1993 aliingizwa Kendall, binti ambaye Erica alimzaa baada ya kunajisiwa akiwa na umri wa miaka 14. Habari hiyo haikuwamo katika utungo wa awali, lakini ina mantiki: uamuzi wa 1973 unabaki, ila sasa unasomeka kama tendo la mtu aliyekwisha kulazimishwa uzazi. Mhusika aliongezewa kina.

Marudio ya pili, ya miaka ya 2005 na 2006, ni kinyume chake. Waandishi wengine walidai kwamba daktari hakuiangamiza mimba ile, bali aliipandikiza kwa mkewe, na mtoto huyo, Josh, sasa ni mtu mzima. Kosa si la kitabibu tu. Yawezekana kujitetea kwamba utanzu huu umezoea hata kufufua wafu. Lakini afufuliwaye hurudishiwa uhai, ilhali Erica alinyang'anywa uamuzi wake. Na aliyeunyang'anya, ndani ya mchezo na nje yake, ni mtu mwingine aliyejipa mamlaka juu ya mwili wake.

Mwezi Juni 2022 Mahakama ile ile ilitengua hukumu ya 1973. Si haki kudai kwamba mchezo huo ulilitabiri jambo hilo. Hata hivyo mlingano huo unafundisha kwamba uhuru wa mhusika wa kike haupimwi kwa wingi wa waume, mali au maneno makali aliyopewa. Hupimwa kwa kuuliza kama alichokitenda kwa hiari yake kinaachwa kisimame. Kwa kipimo hicho, mwandishi wa 1973 alimheshimu Erica kuliko warithi wake wa 2006.