Ada ya Dola 465

Kijana aliyeletwa Marekani akiwa mtoto, bila vibali, alilipa dola 465 kuomba asiondolewe nchini kwa muda, chini ya mpango wa 2012. Ada hiyo inaeleza kwa nini vita vya bajeti vya 2015 havingeweza kumzuia Rais Barack Obama.

Novemba 20, 2014 Obama alitangaza kuupanua mpango huo na kuwaingiza wazazi wa raia na wa wakazi halali, jumla ya watu zaidi ya milioni 4. Wanasheria wake walijenga hoja juu ya fedha: wasio na vibali ni milioni 11 hivi, na kasma inayotolewa na Bunge haitoshi kuwaondoa hata 400,000 kwa mwaka, hivyo serikali haina budi kuchagua ianze na nani. Warepublican walijibu kwamba kupima kesi mojamoja ni halali, lakini kuwapa mamilioni vibali vya kazi kwa waraka wa waziri ni kutunga sheria. Hoja hiyo ilikuwa nzito. Inasikitisha kuona ilivyopiganiwa.

Desemba wizara karibu zote zilipewa bajeti hadi Septemba, isipokuwa ya Usalama wa Ndani, ambayo fedha zake ziliachwa ziishe Februari 27. Januari Baraza la Wawakilishi likapitisha bajeti ya wizara hiyo pamoja na vifungu vya kuufuta mpango. Muswada ukakwama Seneti kwa kukosa kura 60.

Hata ungepata kura hizo, Obama angeukataa, na kuifunga wizara kusingesaidia. Idara inayopokea maombi yale huendeshwa karibu yote kwa ada za waombaji; ingeendelea na kazi. Ambao wangefanya kazi bila mshahara ni askari wa mpakani, kwa kuwa sheria huruhusu kazi za kulinda maisha na mali ziendelee fedha zikikatika. Yaani adhabu ingewaangukia watekelezaji wa sheria ileile iliyokuwa ikitetewa.

Upanuzi wa mpango ulisimamishwa na Jaji Andrew Hanen, Texas, Februari 16, katika kesi ya majimbo 26. Hakugusa Katiba: waraka haukupitia utaratibu wa kupokea maoni ya umma. Machi 3 bajeti ikapita bila vifungu vile, kura 257 kwa 167, Warepublican 75 tu wakiiunga mkono. Juni 2016 Mahakama ya Juu iligawanyika 4 kwa 4. Amri ya Hanen ikabaki, na swali la mamlaka ya rais likaachwa bila jibu.