Kazi ya Vipande

Ukienda Buganguzi, wilayani Muleba, senta haikosi vitu viwili: duka lenye rundo la maboksi matupu mlangoni, na fundi cherehani barazani. Boksi la sabuni, la biskuti, la mafuta ya kula. Yametoka Dar es Salaam, Mwanza, hata ng'ambo ya mpaka Uganda, na safari yao imekomea hapo. Miguuni pa fundi kuna kiroba cha vipande vya vitenge: pembe za mikono, miduara iliyotoka shingoni, vijisehemu vyembamba vilivyobaki baada ya marinda kukatwa. Kazi ninayotaka kuisifu inazaliwa kati ya rundo lile na kiroba hiki.

Nataka kuisifu inavyostahili, maana mara nyingi inasifiwa kwa jambo lisilo lake. Mtu akionyeshwa kisanduku cha nyuzi kilichoundwa kwa boksi na kuvikwa kitenge, husema: "Kumbe takataka zinafaa!" Sifa imekwenda kwa takataka, mkono ulioziunda haukuguswa. Mwingine atasifu mazingira yaliyosafishwa, mwingine shilingi iliyookolewa. Ni kweli, lakini vikapu vya Kihaya hatuvisifu kwa sababu nyasi ziliota bure. Tunatazama msuko. Kazi ya vipande nayo ina msuko wake, na mwenye jicho huuona.

Anza na boksi lenyewe. Lichane ukingoni utaona karatasi mbili bapa na katikati yake karatasi ya tatu iliyokunjwa mawimbi. Mawimbi hayo yalianzia kwenye kofia: mwaka 1856 Waingereza wawili, Edward Healey na Edward Allen, walipata hataza ya karatasi ya mikunjo ya kutandika ndani ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York akaipatia kazi nyingine, kufungia chupa zisivunjike. Nguvu ya boksi imo humo kwenye mawimbi, na ukaidi wake pia. Ukilikunja kwa kufuata mkondo wa mawimbi linakubali, na mkunjo unanyooka kama uliopigwa rula. Ukilikunja kwa kuukatisha mkondo linabonyea, linavimba, na halitasahau. Fundi hupitisha kidole gumba juu ya karatasi kabla hajashika mkasi, ajue mawimbi yanaelekea wapi. Ukuta wa kisanduku huukata mawimbi yasimame wima ili ubebe uzito. Na kama kisanduku ni cha duara, wima huohuo ndio unaouruhusu ukuta kupinda bila kuvunjika. Kitako hukipa tabaka mbili, mawimbi ya moja yakikatiza ya nyingine, na hapo hata ukikikalia hakitikisiki.

Kisha gundi. Unga wa muhogo hukorogwa kwanza na maji baridi, ndipo humiminwa kwenye maji ya moto na kukorogwa hadi uji ung'ae. Huku kwetu gundi ni mtihani. Ukanda wa Bukoba kando ya Ziwa Victoria hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na boksi lililopakwa gundi nyingi hunywa unyevu, likavimba, likaota ukungu. Kwa hiyo hupakwa nyembamba, kipande kikalazwa chini ya jiwe, kikakauka kivulini penye upepo. Juani upande mmoja hutangulia kukauka na kipande chote kikajikunja.

Vitambaa navyo vina tabia zao. Kipande kilichokatwa mshazari huvutika. Hicho ndicho cha kuvika mzingo wa kifuniko, kwa maana hutulia bila kukunjamana. Ukikiweka kwenye ukingo ulionyooka kitakwenda upande. Halafu lipo suala la ua. Kwenye kipande kidogo kuliko kiganja ua la kitenge huwa nusu tu, na fundi huamua nusu hiyo ianguke wapi: ikatike kwenye pembe, au ikutane na nusu nyingine iliyotoka kwenye gauni la mtu mwingine kabisa. Nimemwona mama mmoja pale Buganguzi akigeuzageuza kipande cha bluu, akakirudisha kirobani, akakitoa tena. Binti mdogo akaja.

"Shikamoo mama. Naomba vitambaa."

"Marahaba. Vya nini?"

"Vya mwanasesere."

"Chukua hivi. Hiki cha bluu kiache, bado nakifikiria."

Neno hilo, bado nakifikiria, lilinifurahisha kuliko kisanduku kilichomalizika.

Wala si kazi ya juzi. Zamani watu wa Buhaya walivaa vazi la gome la mti, na kwa jirani zetu Baganda, ambao ufundi wao wa gome ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, tundu lililotokea wakati wa kuponda gome huzibwa kwa kiraka cha gome hilohilo na kushonwa. Pwani husimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianza wanawake walipoungaunga leso zikawa nguo moja. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia mbao za kujengea dari na rangi ya baiskeli, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa sanaa. Iringa, tangu mwaka 2003, mafundi wenye ulemavu wa Neema Crafts wametengeneza karatasi hata kwa kinyesi cha tembo.

Shuleni kazi hii ina jina lake, kufaragua, na walimu wa darasa la kwanza ndio mabingwa wasiotajwa. Saa ya boksi yenye mishale inayozunguka, kadi za herufi, mifuko ya kitambaa ya kutundikia kadi hizo ukutani: watoto wengi wa Tanzania wamejifunza kusoma saa kwa saa isiyotembea. Ningependa mwalimu aliyeikata akaguliwe na kwa hilo pia.

Kinachoniuma ni bei. Mteja hushusha kwa hoja moja, "si boksi tu hili?", na fundi, kwa kuwa amezoea kusikia hivyo, hukubali. Ukipita Muleba ukakutana na kisanduku cha namna hii, fungua kifuniko, pitisha kidole ndani kwenye pembe, mahali kitambaa kilipokunjwa na kufichwa. Kama hapana uvimbe wala uzi uliochomoza, uliza nani amekunja, halafu lipa alichotaja.