Kutoka Kongo hadi Afrika: jina jipya la jumba la Tervuren

Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, limekwisha kubatizwa mara nyingi. Mwaka 1898 liliitwa Makumbusho ya Kongo. Mwaka 1908, Leopold II alipoikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji, likawa Makumbusho ya Kongo ya Kibelgiji. Mwaka 1952 likaongezewa sifa ya kifalme. Na mwaka 1960, koloni lilipokuwa dola, likawa Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Lilifungwa mwishoni mwa mwaka 2013 kwa ajili ya matengenezo, kisha tarehe 8 Desemba 2018 likafunguliwa tena na kujitangaza kwa umma kwa jina la AfricaMuseum. Jina la 1960 halikufutwa. Limebaki kuwa jina rasmi.

Jina hilo jipya lina sifa zake, na haifai kulidharau. Limemwondoa mfalme mlangoni. Ni moja kwa msemaji wa Kiholanzi na kwa msemaji wa Kifaransa, jambo lisilo dogo nchini Ubelgiji, na mtoto aliyezaliwa Matonge ya Brussels na wazazi Wakongomani, Wasenegali au Wakameruni hulitamka bila taabu. Msomaji wa Lubumbashi, mji ulioitwa Élisabethville hadi mwaka 1966, anajua vema kwamba kubadili jina si mchezo wa maneno tu.

Hata hivyo, katika orodha hiyo ya majina liko neno lililopotea mwaka 1960 na halijarudi: Kongo. Sehemu kubwa kabisa ya vitu vya Tervuren ilitoka Kongo. Mwezi Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ile ya Kinshasa orodha ya vitu vipatavyo 84,000. Basi jina limepanuka, lakini ghala ni lilelile. Kiswahili kinasaidia hapa kuona kasoro ambayo Kifaransa hakiionyeshi, kwa kuwa neno makumbusho hutokana na kitenzi kukumbusha, nacho hudai mambo mawili: anayekumbushwa na kinachokumbushwa. Afrika ni neno la ukarimu. Humkaribisha kila mtu. Lakini halimkumbushi Mbelgiji deni lolote mahususi, ilhali neno Kongo humkumbusha.

Uhakiki wa jina usipoingia ndani ya jumba hubaki nje ya mada. Ndani, nembo ya Leopold, herufi L mbili zilizounganishwa, inaonekana mara 45, kwa maana jengo linalindwa na sheria kama urithi na halichongwi upya kwa sababu jina limebadilika. Katika ukumbi mmoja ukuta una majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kabla ya mwaka 1908. Mkabala wake msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, ameandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongomani saba: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Hao walikuwa miongoni mwa watu 267 waliopelekwa kwenye maonyesho ya mwaka 1897 ili watazamwe, wakafia huko, wakazikwa Tervuren. Jua likiwaka, vivuli vya majina yao huangukia majina ya wale 1,508. Mawingu yakitanda, hakuna kivuli. Kazi hiyo inalijumuisha Kongo kwa namna ambayo ubao wa mlangoni haukuweza, kwani inataja nani, wapi na lini. Ajabu ni kwamba imepewa kivuli, huku wenzao wakiwa wamechongwa.

Tarehe 8 Juni 2022 Mfalme Philippe alileta kinyago cha Kakuungu cha Wasuku katika Makumbusho ya Taifa mjini Kinshasa. Kililetwa kwa mkopo usio na kikomo, kwa kuwa sheria ya Ubelgiji ya kuruhusu urejeshaji ilitolewa mwezi uliofuata. Kwa hiyo siku ile Kinshasa ilipokea kitu cha Kwango kama mkopaji, na aliyemkopesha ni jumba lenye jina la Afrika.