Lodi Lofa Tunamjua, Aliyemchora Je?

Mara ya kwanza kukutana na Lodi Lofa ilikuwa kwa kinyozi, Ngamiani, hapa Tanga. Kwenye benchi kulikuwa na gazeti la Sani kuukuu, halina jalada, na sisi watoto tuliwaachia wengine zamu zetu ili tumalize hadithi kwanza. Nyumbani liliitwa gazeti la wahuni. Lakini kusoma kwa haraka mimi nilijifunzia pale, maana aliyelishika ndiye aliyewasomea wenzake.

Jina la Shaaban Robert tulilijua; mtoto wa Tanga atalikwepaje? La Philip Ndunguru hakuna aliyetutajia. Nimelijua ukubwani, nikiwa tayari mwandishi wa habari. Sani lilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na herufi za mwanzo za majina yao ndizo zilizozaa jina la gazeti. Ndunguru ndiye aliyekuwa kalamu yao kubwa. Alifariki mwaka 1986, kabla sijazaliwa. Wachoraji wengine wakaendelea na wahusika wale, na mimi nikawacheka miaka mingi baadaye bila kujua kwamba aliyewapa sura keshazikwa.

Uhodari wa katuni zile ni nini? Tabia imeingizwa kwenye jina na kwenye mwili. Lodi Lofa hana kitu ila anajiona bwana mkubwa. Ndumilakuwili, ukisikia jina tu, umeshajua atakugeuka. Na wanaongea Kiswahili cha mtaani, si cha darasani. Ila tusizipambe kupita kiasi: wanawake mara nyingi wamewekwa pale kama chambo tu, na hadithi nyingine hazikuwafaa watoto kabisa.

Tazama Japani sasa. Hiroshi Fujimoto, aliyetumia jina la Fujiko F. Fujio, alianza kumchora Doraemon mwaka 1969. Ni paka roboti anayemtolea kijana mvivu, Nobita, vifaa vya ajabu. Nobita anavitumia kwa tamaa, mwisho vinamtokea puani. Ukiangalia vizuri, ni mkasa uleule wa Lodi Lofa, tofauti ni kwamba wa kwetu hana kifaa, ana ujanja wake tu. Fujimoto alifariki 1996, na kama ilivyokuwa kwa Ndunguru, wahusika wake hawakufa naye. Lakini mwaka 2011 mji wa Kawasaki ulimfungulia makumbusho, na watoto wanaokwenda pale wanatoka wakijua kuwa Doraemon alitoka kwenye mkono wa mtu.

Mimi sidai jengo. Nadai jina. Tunapoandika historia ya fasihi ya Kiswahili tunawahesabu washairi na waandishi wa riwaya, halafu tunawaruka waliotufanya tupende kusoma. Juzi nilimuuliza kinyozi wangu kama anamkumbuka Lodi Lofa. Alicheka mpaka akasimamisha mashine. Nikamuuliza nani alimchora. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwani alichorwa na mtu?"