Fani ya Chuma: Dragsta za Kale na Mkokoteni wa Mwakirunge

Wahakiki wetu wamezoea kusaka fani na maudhui kwenye shairi, riwaya na tamthilia. Wakikutana na chombo kilichoundwa kwa mkono kutokana na vyuma vya gari bovu, hunyamaza, utadhani fundi hana mtindo. Mimi naona kinyume. Fundi anayekata, anayechomelea na anayeamua kipi kibaki na kipi kitupwe ni mtunzi, na kazi yake inasomeka. Hapa nitasoma kazi mbili. Ya kwanza ni dragsta ya Marekani ya miaka ya 1950, gari lililoundwa nyumbani kwa ajili ya mbio za robo maili. Ya pili ni mkokoteni, chombo anachokijua kila mkazi wa Mwakirunge na Kisauni nzima, hapa Mombasa. Zote mbili zimetokana na gari lililokufa. Tofauti ni kwamba muunda dragsta alichukua injini na ekseli akatupa vingine, naye muunda mkokoteni alichukua ekseli na tairi, injini akaiacha.

Nitaziuliza zote maswali mawili tu: nini kimeondolewa, na uzito umewekwa wapi?

Tuanze na kanuni, maana fani hufuata kanuni. Mbio za dragi ni fupi na nyepesi kuelezeka. Magari mawili hupangwa sambamba yakiwa yamesimama. Ishara ikitolewa, ambayo miaka ile ilitolewa na mtu mwenye bendera, yanang'oka na kufuata mstari ulionyooka wa mita 402. Hakuna kona wala mlima. Wa kwanza kufika anaendelea na mashindano, wa pili kazi yake imekwisha. Vijana wa kusini mwa California walikuwa wakipimana kasi zamani kwenye maziwa makavu kama Muroc na El Mirage, na wengine barabarani usiku, kwa hatari kubwa. Mwaka 1950 C. J. Hart na wenzake wakaanza kuendesha mbio za kulipia katika uwanja wa ndege wa Santa Ana, kiingilio senti 50. Mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha chama cha mbio hizo, NHRA, kilichoandaa mashindano yake rasmi ya kwanza huko Pomona mwaka 1953.

Zile mita 402 zilifanya kazi ya mizani katika shairi. Zilimbana mtunzi mpaka akalazimika kuchagua, na kila alichokiacha kikawa na sababu. Gari lisilokata kona halihitaji kusawazishwa kwa ajili ya kona. Gari linalokimbia kwa sekunde chache halihitaji tangi kubwa, wala milango, wala kiti cha abiria.

Nguvu ya kanuni inaonekana zaidi tukitazama kwetu. Mwaka huohuo wa 1953 Afrika Mashariki ilianzisha mbio zake, Safari, zilizozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya aina zinazouzwa madukani, na mafundi waliyaongezea vitu: kinga ya chuma chini ya tumbo, taa za ziada, tairi za akiba. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Adui wa Safari ni njia yenyewe, matope na mawe yake, kwa hiyo fani yake ni ya kuongeza. Adui wa dragi ni uzito na saa, kwa hiyo fani yake ni ya kupunguza.

Upunguzaji huo uko wazi katika gari la Dick Kraft lililoitwa The Bug, ambalo wengi hulitaja kuwa dragsta ya kwanza. Lilikimbia Santa Ana katika siku zake za mwanzo. Ni fremu, injini, kiti, usukani na tairi nne. Bodi hakuna. Mtazamaji aliyezoea kutambua gari kwa boneti na mabawa yake anabaki bila pa kushika, kwa sababu Kraft ameondoa kila kinachomwambia mtu kuwa hili ni gari na kubakiza kinacholifanya liende. Uthubutu wa kazi yake uko hapo. Injini zenyewe hazikuwa za kitajiri. Ford walianza kuuza injini yao ya V8 mwaka 1932, na baada ya vita yadi za magari mabovu zilijaa. Kijana mwenye spana, mtungi wa gesi ya kuchomelea na subira aliweza kuanza.

Swali la pili, la uzito, lilijibiwa kwa ukamilifu mwaka 1954, Mickey Thompson alipokihamisha kiti cha dereva kukipeleka nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa nini? Injini iwe na nguvu kiasi gani, tairi isipokandamizwa chini itateleza na kuzunguka bure. Dereva akikaa nyuma ya ekseli, uzito wake wote unaziangukia tairi zinazosukuma, na tena unainyanyua kidogo pua ya gari, hivyo sehemu ya mzigo wa mbele nayo inarudi nyuma. Mwili wa mtu ukageuzwa kuwa kipuri. Vipande vingine vikafuata mantiki hiyohiyo. Injini ilisogezwa nyuma. Mbele zikawekwa tairi nyembamba, mara nyingi bila breki. Springi za nyuma ziliondolewa na ekseli ikafungwa moja kwa moja kwenye fremu. Tangi likawa dogo la kutosha mbio moja. Fremu ikarefushwa ili pua isiruke juu gari linapong'oka.

Huo ndio muundo uliotawala kwa zaidi ya miaka 15. Don Garlits wa Florida aliunda dragsta yake, Swamp Rat ya kwanza, kwa reli za chesisi ya Chevrolet ya 1931 na injini ya Chrysler. Novemba 1957 ilifikia kilomita 284 kwa saa. Chesisi hiyo ilikuwa na umri wa miaka 26. Urembo wa dragsta hizi haukutoka kwenye rangi wala nakshi. Ulitoka kwenye ukweli kwamba ukigusa kipande chochote na kumuuliza fundi kwa nini kipo, jibu lipo.

Ila uhakiki usiishie kwenye sifa. Muundo huu ulikuwa na kasoro, nayo ilizaliwa na ubora wake uleule. Dereva aliyekaa nyuma kabisa alikuwa na injini, klachi na gia mbele yake, magoti yake yakiwa pembeni mwa vyuma vinavyozunguka. Kikipasuka chochote, kinamwelekea yeye. Mafuta yakivuja na kuwaka, upepo unamletea moto usoni. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko California, gia ya dragsta ya Garlits ililipuka, gari likakatika vipande viwili, na yeye akapoteza sehemu ya mguu wake wa kulia. Alipopata nafuu aliunda Swamp Rat 14, injini ikiwa nyuma ya dereva. Wengine walishajaribu mpangilio huo na magari yao yakawa magumu kuongoza kwenye mstari. Garlits na wenzake walipunguza wepesi wa usukani, gari likatulia, na mapema mwaka 1971 likashinda Pomona. Baada ya miaka michache muundo wa Thompson ulikuwa umetoweka kwenye mashindano makubwa. Uzito ulibaki nyuma na mwendo ukazidi. Kilichobadilika ni mahali pa mtu.

Sasa turudi Mwakirunge. Baada ya jaa la Kibarani kufungwa, taka nyingi za Mombasa zimekuwa zikimwagwa huku, na wapo wanaoishi kwa kuzichambua: plastiki upande huu, chuma, shaba na aluminiamu upande ule, vya kuuzwa kwa kilo. Safari ya vyuma hivyo aghalabu ina mkokoteni ndani yake. Mkokoteni wenyewe unaanzia yadi ya vyuma chakavu, pale fundi anapochagua ekseli ya gari lililokwisha kung'olewa kila kitu.

Utazame kwa karibu. Ekseli moja na tairi mbili za gari. Juu yake kitanda cha mbao au cha vyuma vilivyochomelewa. Mbele mikono miwili mirefu iliyounganishwa na mti au bomba la kukingama, na hamali husimama katikati. Chini ya mkia pamepigiliwa vipande vya tairi kuukuu, na hiyo ndiyo breki: hamali akiinua mikono juu, mkia unashuka, mpira unasugua barabara, mwendo unapungua. Hakuna waya, hakuna pedali, hakuna cha kuharibika ila mpira, na mpira haununuliwi. Nimesoma mashine nyingi zenye akili ndogo kuliko hiyo.

Uzito nao umewekwa kwa hesabu. Mitungi 20 ya maji ya lita 20 ni kilo 400. Ikipangwa sawasawa juu ya ekseli, mbele na nyuma zikalingana, mikono huwa myepesi na hamali anabaki na kazi ya kuvuta tu. Ikizidi mbele, inamvunja mgongo. Ikizidi nyuma, inamnyanyua kutoka ardhini. Wataalamu wa Santa Ana walihangaikia jambo hilohilo, kwa sentimita zilezile za mbele na nyuma ya ekseli, ila wao walitaka uzito ukandamize na hamali anataka usawazike.

Kasoro nayo ni ileile. Kwenye mteremko hamali yuko mbele ya kilo 400 zinazomfuata. Mpira ukiisha, au mvua ikilainisha njia, hakuna kingine kati yake na mzigo. Fani inayomgeuza mtu kuwa injini na breki kwa pamoja imemweka palepale ambapo hatari itapita, kama ilivyomweka dereva wa Thompson nyuma ya gia.

Hukumu yangu ni hii. Kwa uchumi wa vipande, mkokoteni hauzidiwi na dragsta yoyote ya miaka ya 1950. Kwa usalama wa mtu, bado uko mwaka 1969. Tofauti kubwa zaidi iko kwa wasomaji wake. Swamp Rat 30 ya Garlits iliingia makumbusho ya taifa ya Marekani, Smithsonian, mwaka 1987. Kila badiliko la dragsta limechorwa, limepigwa picha na kuandikiwa, ndiyo maana makosa yake yaliweza kurekebishwa. Mkokoteni umefanya kazi miaka yote hii, na waliousoma kwa makini ni wachache.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiwaite mafundi wa Kisauni, kichore mkokoteni wao kama ulivyo, kipimo kwa kipimo, kabla ya kufikiria kuuboresha. Kisha wakae pamoja na mahamali wenyewe watafute breki ya mkono inayoweza kuundwa kwa vyuma vya yadi zilezile na kwa bei ya hamali. Garlits alihitaji kupoteza mguu ndipo achore upya. Sisi tuchore kabla.