Mwenza Asiyeonekana: Ubunifu wa Rival Schools

Miongoni mwa michezo ya video ya mapigano iliyobuniwa nchini Japani katika miaka ya 1990, mchezo wa Rival Schools: United by Fate, uliotolewa na kampuni ya Capcom mwaka 1997, hautajwi mara nyingi kama Street Fighter II wala haukupata umaarufu wa kiwango hicho. Hata hivyo, msomi anayechunguza namna kanuni za mchezo zinavyoweza kubeba maana bila kutegemea maneno ya hadithi atakuta humo umahiri ambao ni adimu hata katika kazi zenye sifa kubwa zaidi.

Mchezo wa mapigano ni ule unaowakabilisha wahusika wawili uwanjani, kila mmoja akiwa na kipimo cha uhai kinachopungua kwa kila pigo linalompata, hadi cha mmoja wao kiishe. Timu hazikuwa jambo geni katika michezo ya namna hiyo: The King of Fighters '94, kazi ya kampuni ya SNK, uliwapanga wapiganaji watatu watatu, akianguka mmoja mwenzake akashika nafasi yake, na X-Men vs. Street Fighter wa mwaka 1996 uliwaruhusu wawili kupokezana katikati ya pambano, ingawa huo wa pili ulikuwa tayari na shambulio la pamoja. Lakini kwa sehemu kubwa mwenza katika michezo hiyo alikuwa akiba tu, uhai wa ziada uliovishwa sura nyingine.

Rival Schools, ambao Hideaki Itsuno aliuongoza, ulishika njia tofauti. Mchezaji huchagua wahusika wawili, lakini anayepigana ni mmoja, na wa pili haonekani mpaka aitwe. Wito huo una gharama yake: kipimo cha nguvu hujaa kidogo kidogo pambano linapoendelea, na kikifikia ngazi mbili mchezaji anaweza kubonyeza kwa pamoja kitufe cha ngumi na cha teke vyenye uzito sawa, ndipo mwenza anapoingia kwa kishindo, wawili hao wakamshughulikia mpinzani kisha mgeni akatoweka. Vitufe vya kushambulia ni vinne tu, si sita kama vya Street Fighter II, kwa hiyo hata anayeanza kujifunza huweza kumwita rafiki yake bila kufanya mazoezi marefu ya vidole, na ukarimu huo ni sehemu ya ubunifu wenyewe, kwa kuwa urafiki uliowekewa masharti magumu ungewafaidi mabingwa peke yao.

Utajiri mkubwa zaidi umo katika namna shule zilivyotumika. Katika shule za Japani, vilabu vya michezo na sanaa baada ya vipindi, vinavyoitwa bukatsu, ni nguzo ya maisha ya kijana, na wabunifu walivigeuza kuwa mitindo ya kupigana: katika shule ya Gorin, Shoma Sawamura hupigana kwa rungu la besiboli, Natsu Ayuhara kwa mpira wa wavu, na Roberto Miura, mlinda mlango, kwa mpira wa miguu. Shule ya Gedo ni ya wakorofi, chini ya Daigo Kazama mwenye heshima zake, huku Taiyo ikiwa shule ya kawaida kabisa anakotoka Batsu Ichimonji, kijana anayemtafuta mama yake aliyetekwa. Hata watu wazima wamo: Hideo Shimazu, mwalimu, na Kyoko Minazuki, muuguzi wa shule, ambaye akiitwa hamsaidii mwenzake kwa kumpiga adui bali humnyoosha viungo na kumrudishia uhai. Hapo kanuni na tabia ya mhusika haziwezi kutenganishwa, maana hakuna maelezo yanayohitajika kumjulisha mchezaji Kyoko ni mtu wa namna gani. Kitendo chake kinatosha.

Toleo la PlayStation la mwaka 1998 lilikuja na diski mbili, na nchini Japani lilikuwa na sehemu ya kuigiza maisha ya shule, ambamo mchezaji humuunda mwanafunzi wake, huzungumza na wenzake, na kwa kufanya nao urafiki hujifunza mapigo yao. Sehemu hiyo haikutafsiriwa kwa wachezaji wa Marekani na Ulaya, na hasara hiyo si ndogo, kwani ndiyo iliyoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba mbinu za kupigana ni matunda ya uhusiano.

Mwendelezo wake, Project Justice wa mwaka 2000, uliongeza mtu wa tatu, na pamoja naye haki ya kumtuma mmoja wa timu akavuruge shambulio la pamoja la wapinzani kabla halijakamilika. Nyongeza hiyo inasifika kwa werevu, ingawa inapunguza kidogo uzito wa wito wa wawili. Ucheshi haukupungua: Nagare Namikawa, mwogeleaji, humshirikisha mwenzake katika kuogelea kwa mpangilio kama ule wa Olimpiki, kwenye nchi kavu, naye adui hana budi kuvumilia onyesho hilo hadi mwisho.

Itsuno baadaye aliongoza Dragon's Dogma, uliotoka mwaka 2012, ambamo shujaa hufuatana na wasaidizi wanaojiendesha wenyewe, na msaidizi mkuu huweza kuazimwa na mchezaji mwingine kupitia intaneti, kisha akarudi kwa bwana wake akiwa na maarifa aliyoyapata safarini. Ni vigumu kutoona katika msaidizi huyo ukoo wa wanafunzi wa mwaka 1997, isipokuwa kwamba sasa mwenza ana safari zake mwenyewe hata asipokuwepo aliyemwita.